Gunda la Mdoe Lililowaita Watu Arusini

Jumatatu, tarehe 30 Juni 1913, Bwana Mdoe Rehani, mpiga gunda wa genge la reli la Mnyuzi, atalitundika gunda lake na kupumzika, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwakatisha watu usingizi mtamu. Miaka kumi na tisa! Wapo vijana kazini leo ambao aliwaamsha wangali wakibebwa mgongoni na mama zao, na asubuhi hii amewaamsha tena ili washike sululu. Sherehe ya kumuaga itakuwa Jumamosi ya tarehe 28, uwanjani nyuma ya stesheni ya Mnyuzi, na mimi, Habakuki Hiza, karani wa simu wa stesheni ya Korogwe, nimepewa heshima ya kuandika habari zake katika jarida letu. Walionichagua walisahau kwamba mimi ni Mshambaa na yeye ni Mzigua, na kwamba tangu tujuane hatujapitisha siku bila kutaniana. Basi shauri yao.

Kwa wasomaji wa mbali ambao hawajabahatika kuamshwa naye, gunda ni baragumu la pembe ya tandala. Ukilipuliza vizuri sauti yake huvuka bonde, na kila wito una mlio wake ambao hata mtoto anaujua. Wa kazi ni mmoja mkavu. Wa chakula ni miwili yenye kupanda. Wa hatari ni mrefu sana, mpaka mpulizaji abaki hana pumzi. Wa arusi ni mifupi mifupi inayokimbizana, kisha mmoja unaochezacheza mwishoni, na ukiusikia miguu yako inaanza kuchagua njia kabla kichwa hakijaamua. Tafadhali uukumbuke huo wa hatari na huo wa arusi, maana habari yote ya Bwana Mdoe imo katikati yake.

Alizaliwa Kwedizinga, upande wa Handeni, katika nyumba ya wakulima. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga alishuka kutafuta kazi, akapewa ya kubeba mataruma ya kulazia reli. Siku zile watu waliitwa chakula kwa filimbi ndogo ya Mdachi msimamizi, na upepo ukivuma kidogo tu haisikiki, hata waliokuwa mbele wakafika ugali umepoa au umekwisha. Bwana Mdoe hakuwa mtu wa kuuachia ugali umpite. Alikwenda kwao, akarudi na gunda la mjomba wake, na siku ya kwanza alilipuliza kabla saa ya chakula haijafika, kwa sababu njaa yake ilitangulia. Genge zima lilitupa majembe! Mdachi alikuja mbio, uso umemwiva, lakini alipoona kwamba pembe ile ile iliyowatoa watu kazini iliwarudisha kwa mkupuo mmoja, alimwondoa Bwana Mdoe kwenye mataruma na kumfanya mpiga gunda. Mpaka leo mwenyewe husema alipandishwa cheo na tumbo lake.

Msidhani ninamsifu mtu mnyenyekevu. Bwana Mdoe anajisifu akila, anajisifu akitembea, na nasikia hata akilala. Kila gari la moshi lililofika salama Korogwe lilifika kwa sababu ya gunda lake. Mbwa wa Mdachi alizoea kulia pamoja naye kila alfajiri, na Bwana Mdoe akatangaza kwamba amepata mwanafunzi wa kwanza, tena mwenye sauti nzuri kuliko Washambaa. Siri hakuziweza kabisa. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni unalikuta kijijini Masuguru limekutangulia, limeongezwa chumvi na pilipili.

Na hilo ndilo lililomponza kwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mjane aliyewapikia watu wa genge la Mnyuzi. Uji wake ulikuwa mzito, na maneno yake pia. Bwana Mdoe alimposa mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja na vibuyu vyao, akajibiwa kwamba uji ni huu, posa aipeleke kwingine. Hakukata tamaa. Aliposa tena masika, akaposa vuli, akaposa hata katikati ya mfungo, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: mwanamume huyu hana kifuniko, chumvi ikinipungukia jikoni mpaka Handeni watajua. Bwana Mdoe akaapa mbele ya genge, “Siku utakayokubali, nitalipuliza gunda la arusi mpaka Kwedizinga walisikie.” Bi Mashavu akaendelea kukoroga. “Lakini kabla hujalipuliza,” akasema, “uniulize kwanza.” Watu wakacheka, na maneno hayo yakawa wimbo wa kazini, genge likiinua reli: uniulize kwanza, uniulize kwanza.

Sasa tufike kwenye dhoruba.

Ilikuwa masika ya mwaka 1906. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, mto umefura, na wanaume wa genge walikuwa wamepelekwa mbali juu ya njia kuokoa daraja dogo lililokuwa likiliwa na maji. Kambini walibaki kina mama, watoto, wagonjwa, na Bwana Mdoe kwa ajili ya kupiga wito. Alasiri mbingu upande wa milima ikawa nyeusi. Upepo ukashuka, jamani! Ulipita kambini kama mtu anayefyeka njia kwa hasira. Nyumba zilizokuwa upande huu zilivuliwa mapaa yote, za upande ule hazikupoteza hata unyasi. Nguzo za simu zikalala kifudifudi, ndiyo maana mimi Korogwe nilikaa nikigonga mashine yangu bila kujibiwa na mtu. Maghala ya mahindi yakapinduka, na kuku wa kambi wengine hawajaonekana hadi leo.

Kisha mkuyu mkubwa wa kando ya kambi ukang'oka na kuangukia jiko la Bi Mashavu. Ndani alikuwamo yeye, na Dorkasi, mke wa mmoja wa wajenzi wetu, pamoja na kitoto chake kichanga. Paa lilibonyea lote chini ya mti.

Bwana Mdoe aliuvaa ule mti kwa mikono yake. Aliusukuma, akauvuta, akachimba kwa kucha. Aliita, na chini yake hakukujibu mtu, kwa sababu mvua ilikuwa bado inapiga kwa kishindo. Mti ule ulihitaji wanaume wengi wenye shoka na kamba, nao wanaume wa genge walikuwa mbali mno, na upepo ulikuwa ukitoka kwao kuja kwake, hata gunda lisingewafikia. Waliokuwa karibu ni watu wa vijijini, juu ya vilima na ng'ambo ya mto, ambako dhoruba haikupita. Akachukua gunda, akapanda juu ya mkuyu ulioanguka, akapuliza.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hilo kila mtu analijua. Lakini lazima niseme jambo jingine ambalo siku zile kila mtu alilijua pia, ingawa halikuandikwa katika jarida lolote. Akida mmoja wa wakati ule, ambaye amekwisha kuhamishwa na sitamtaja jina, alikuwa na desturi ya kungoja wito wa hatari wa reli ulie, watu waje kusaidia, kisha awafungie njia na kuwapeleka kwenye kazi zake bila chakula wala shukrani. Watu walikuja mara moja, wakaja mara mbili. Mara ya tatu walijifunza. Gunda la Mnyuzi likilia ule mlio mrefu, vijiji vyote vilichukua majembe, watoto na kuku na kuingia msituni. Wito wa hatari ulikuwa umekuwa wito wa kukimbia.

Siku ile hawakukimbia. Siku ile waliosikia gunda walitupa walichoshika na kuanza kupiga vigelegele, kwa sababu kilichotoka katika pembe ya Bwana Mdoe ulikuwa mlio wa arusi!

“Mashavu kakubali!” Ndivyo walivyoambiana, kuanzia kilimani mpaka mtoni. Nani asiyezijua posa za Mdoe? Watu walivaa nguo zao safi, wanawake wakajifunga kanga za sanduku, vijana wakabeba ngoma, wakashuka mbio kwenda Mnyuzi huku mvua ikiwapiga na wao wakiimba. Walipofika wakaona kambi imelala chini, na bwana arusi amekaa juu ya mti, amelowa, analia kama mtoto.

Hapo ndipo sauti ilipotoka chini ya mkuyu. Mvua ilikuwa imepungua, vigelegele vimemfikia, naye Bi Mashavu amekwisha kuelewa kinachosherehekewa. “We Mdoe!” ilisema ile sauti, imejaa vumbi na hasira. “Nani kakwambia nimekubali? Nimeulizwa mimi?”

Wanasema Bwana Mdoe hajawahi kusikia neno tamu kuliko hilo. Yuko hai! Walijua yuko hai, na kwa kuwa hakunyamaza tena, walijua pia pa kukata na pasipo pa kukata. Wanaume walivua kanzu zao za arusi wakashika mashoka, kamba za ngoma zikafungwa kwenye matawi, na wanawake wakavuta pamoja nao kwa ule wimbo wa genge, uniulize kwanza, uniulize kwanza, mpaka mti ukaviringika pembeni. Boriti ya paa ilikuwa imeangukia kinu chake kikubwa cha kutwangia, ikashikiliwa, na katika nafasi ile ndogo walitolewa Dorkasi na mtoto wake bila jeraha, kisha Bi Mashavu, mkono umevunjika, mdomo mzima. Namshukuru Mungu mpaka leo kwa kinu kile.

Lakini wito wa gunda una desturi yake. Mwenye gunda akiusikia wa mwenzake huupokea na kuupeleka mbele. Basi wakati mkuyu unasukumwa, arusi ya Mdoe ilikuwa imekwisha kuvuka mto, ikapita vijiji vya bondeni, ikafika Kwedizinga kwa ndugu zake. Upande mwingine ilifika Masuguru, na kutoka Masuguru ilinifikia mimi mezani kwangu, simu ikiwa kimya kama jiwe. Nilivaa koti langu jeupe na viatu vipya kutoka Tanga, nikatembea juu ya mataruma. Koti lile halijawa jeupe tena tangu siku hiyo.

Nilifika kesho yake asubuhi, na watu wa Kwedizinga walikuwa wakishuka kwenye mitumbwi. Sijaona msafara wa namna ile. Mbuzi, kuku wamefungwa miguu, vikapu vya makopa ya muhogo na maharage, mikungu ya ndizi, mikeka mipya, vyungu, na mbele yao Bibi Hamisa, shangazi yake Bwana Mdoe, mwanamke ambaye hata majumbe humpisha njiani. Walikuja kwa shangwe, wakakuta watoto wametetemeka usiku kucha chini ya mabati ya stesheni na mahindi yote yameloa. Hakuna aliyekuwa na chakula cha siku ile isipokuwa wao, wageni wa arusi isiyokuwapo.

Ikawa kesi. Gunda halisemi uongo. Anayepuliza arusi pasipo arusi hutozwa mbuzi na kunyang'anywa pembe, na wazee walitaka kujua. Bwana Mdoe alijitetea kwamba wakati wa dhoruba ubao ulimpiga, ukalipasua gunda, na tangu hapo pumzi ndefu hutoka vipande vipande. Alitaka kupiga hatari, ikatoka arusi. Tayari alikuwa amelifunga kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi ili ufa usiendelee. Wazee walitazamana, wakaona maelezo yana akili, wakamsamehe. Mimi mwenyewe nilisimulia habari za ufa ule njia nzima, mpaka Mombo na mpaka Tanga.

Likabaki suala la chakula. Wengine walisema kirudishwe kwa kuwa arusi haipo. Bibi Hamisa aligonga fimbo chini. “Chakula cha arusi hakirudi nyumbani,” alisema. “Kikirudi, nyumba haitaoa tena. Wapikieni watoto hawa wale.” Wakapika, watu wakala, Wazigua na Washambaa, wa msikitini na wa kanisani, na aliyekula kwanza ni mama wa kitoto kile kichanga. Walipokwisha kula, macho yote yakamgeukia Bi Mashavu, kwa sababu sasa chakula cha arusi yake kilikuwa tumboni mwa watu.

Alikuwa amekaa mkono umefungwa fito, amevimba uso. Alihesabu kwa macho vyungu vilivyobaki vitupu. Kisha akasema neno ambalo kila mzee wa Mnyuzi analikumbuka: “Haya. Mmekula arusi yangu kabla sijaolewa. Basi nitaolewa, lakini siku nyumba ya mwisho ya kambi hii itakapoezekwa. Na ya mwisho iwe yangu.”

Mungu wangu! Nani aliwahi kuona ujenzi wa namna ile? Waliokuja kucheza ngoma walikata fito, wanawake wakakanyaga udongo na kukandika kuta, watu wa milimani wakashusha nyasi mabega kwa mabega na watu wa bondeni. Genge liliporudi kutoka kwenye daraja, limechoka, limetota, likakuta kambi inasimama yenyewe na wageni wasiowajua wanaezeka mapaa yao. Mdachi msimamizi aliuliza ni nani aliyewaamuru watu hawa kufanya kazi. Akaambiwa hakuna, ni arusi. Akauliza arusi ya nani, akaonyeshwa mwanamke mwenye mkono uliovunjika anayemfokea mwanamume kwa kukanyaga udongo wake vibaya. Hakuuliza tena.

Bwana Mdoe alifanya kazi siku zile kama watu wanne, na alikuwa akiwapita wenzake akiwahimiza nyumba kwa nyumba. Bi Mashavu aliizidisha hamu yake kwa makusudi. Kila paa likikaribia kwisha alikumbuka banda jingine: la mgonjwa huyu, la mjane yule, hata la yule mbwa wa Mdachi. Hatimaye hakukuwa na kitu kisichokuwa na paa ila nyumba yake. Ilipofungwa fundo la mwisho la nyasi, alitoka nje, akaitazama vizuri, akasema, “Sasa nimekubali. Puliza.” Na wale waliokuwapo watakubaliana nami kwamba arusi ile haikuwa na nguo safi hata moja.

Katika miaka iliyofuata mengi yalibadilika. Kwa kuwa gunda lilikuwa bovu kwa wito mrefu, stesheni ilitundika kipande cha reli cha kugongwa wakati wa hatari, na gunda likabaki la kazi, la chakula na la furaha. Vijiji viliacha kuingia msituni likilia. Kila masika, kabla mvua hazijakaza, watu wa pande zote za mto hukutana zamu kwa zamu kukagua mapaa ya wenzao, na kazi hiyo huitwa Arusi ya Mashavu, hata kwa wasiojua jina hilo limetoka wapi. Upepo wa mwaka juzi ulipoezua nyumba za Masuguru, watu wa Kwedizinga walifika kabla hatujawapelekea habari. Bwana Mdoe anajisifu kwamba haya yote ni kazi yake. Kwa mara ya kwanza katika wasifu huu, nakubaliana naye.

Ningeishia hapa, lakini wiki iliyopita, nyumbani kwake, alimpa gunda Petro, kijana atakayeshika kazi yake, alikague. Petro ni mtu wa kupenda vitu safi. Aliona ukanda wa ngozi umeoza, akaufungua mbele yetu ili aweke mpya na kuziba ufa. Akaligeuza gunda huku, akaligeuza huku. Akanipa mimi. Nililipitishia kidole toka mwanzo hadi mwisho. Pembe ni nzima. Haina ufa, haina hata mkwaruzo. Petro akaliweka mdomoni akapuliza wito wa hatari, nao ukatoka mmoja, mrefu, ulionyooka, ukavuka mto.

Tulimtazama Bwana Mdoe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kujisifia. Alikuna kichwa, akasema taratibu, “Ningepiga ule mrefu, mngekuwa msituni na kuku wenu. Na yeye angekuwa chini ya mti.”

Alijua, basi. Juu ya mkuyu ule, mvua ikimpiga, alijua kabisa ni mlio gani anaopuliza, na kwamba atanyang'anywa gunda, na kwamba kama yule mwanamke atatoka hai pengine hatamsemesha tena. Akapuliza.

Bi Mashavu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Tulingoja radi ishuke. Alimtazama mumewe, macho yakamjaa machozi, kisha akaanza kucheka. “Miaka yote hii!” alisema. “Kumbe siri unaiweza.”

Bwana Mdoe, genge la Mnyuzi na sisi wa Korogwe tunakushukuru kwa kila alfajiri uliyotuharibia. Nenda Kwedizinga ukalime, ulale mpaka jua lipande, na pasiwe na mtu wa kukuamsha. Tunawaombea wewe na mkeo siku njema, mvua za kiasi na paa lisilovuja. Bibi Hamisa angali hai na anakumbuka kwamba gunda la uongo hutozwa mbuzi, basi aliye karibu naye asimsomee ukurasa huu.

Jumamosi Bwana Mdoe atatupulizia mbele ya wote kwa mara ya mwisho. Kwa kuwa gunda halina wito wa kuaga, ameomba apige ule wa arusi, mpaka Kwedizinga waupokee. Njooni na vyungu. Safari hii Bi Mashavu ameulizwa kwanza, naye amekubali.